Mke Mwenza wa Chuma

Mume wangu alipenda bastola kuukuu jinsi wanaume wengine wanavyopenda ng'ombe. Ziwe zimeota kutu, ziwe hazina mpini, yeye aliona uzuri wake. Sharti lilikuwa moja: iwe ya silinda inayozunguka, tena ile ambayo ukivuta kifyatulio tu, nyundo inajiinua na kupiga yenyewe, huhitaji kuitega kwanza kwa dole gumba. Hizi za kisasa aliziita takataka. Mimi, kabla ya kurudi kwetu Rumonge, nililelewa ukimbizini Tanzania, ambako tulifundishwa kuona silaha na kukimbia. Yeye ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na kwao, anavyosema mwenyewe, mtu akiona silaha anauliza bei. Niliolewa naye nikijua ana kichwa kigumu, lakini hilo la bastola nililikuta ndani.

Alikuwa nazo tatu. Moja aliipata kwa mlinzi mstaafu wa shamba la michikichi kule Kizuka. Nyingine ilivuka ziwa na mchuuzi wa ndagala, dagaa wa huku kwetu, wakabadilishana kwa dumu la mawese, mawese yangu, bila kuniuliza. Hizo mbili zilikuwa vyuma tu. Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzima na yenye karatasi ya ruhusa, na hiyo alitembea nayo kiunoni, chini ya shati. Jumapili tukitoka ibadani alizitandaza zote juu ya kitenge changu, akazipangusa na kuzipaka mafuta polepole, huku mimi nikisonga ugali peke yangu. Ndipo nikaibatiza ile ya tatu jina la mke mwenza.

"Mwenzangu ameamkaje leo?" nilimuuliza.

"Iko muzima, inakusalimia," alijibu bila kuinua macho.

Lakini nisijifanye malaika. Sisi tuliishi kwa biashara yangu: nilinunua mawese Kigwena na kuyauza sokoni Rumonge. Kabla sijaolewa, watu walinitoa juu ya baiskeli pale barabara inapopita kando ya msitu wa Kigwena, wakachukua madumu, wakanivunja mkono na kuniacha kwenye majani. Mkono uliunga, woga ukabaki. Tangu tuoane, kila siku ya kwenda Kigwena mume wangu alifunika cherehani yake, akawaacha wateja na suruali zao nusu nusu, akanisindikiza. Tukikaribia miti nilimuuliza, "Upo naye?" Akisema yupo, niliendesha. Asingesema, ningegeuza baiskeli.

Kisha likatoka tangazo kwamba silaha zote zilizo mikononi mwa raia zirudishwe, hata zile zenye karatasi, na atakayekutwa nayo baada ya siku zilizopangwa atafungwa. Zile mbovu mbili alizipeleka mwenyewe bila hata kuguna. Hiyo ya tatu aliificha ndani ya gunia la vipande vya vitambaa, chini ya cherehani, akaendelea kushona.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia hana akili, nikamwambia anapenda chuma kuliko watoto aliowazaa. Mtu wa mtaa wa pili, ambaye hakuwa na karatasi, alikuwa ameshakutwa na bunduki darini, akatolewa nyumbani mbele ya wanawe, na hadi leo mkewe anapeleka chakula gerezani. Niliona kabisa mimi ndiye nifuataye kwenye foleni ya gerezani, nimebeba sufuria. Nilimwomba, nikamnunia, nikamnyima hata salamu. Yeye alikanyaga cherehani yake tu. Na bado, siku ya kwenda Kigwena ikifika, tukikaribia miti, mdomo wangu huohuo uliuliza, "Upo naye?"

Siku za kurudisha silaha zilipokaribia kwisha, uvumilivu ulinishinda. Niliingiza mkono kwenye gunia mbele ya macho yake, nikaitoa bastola, nikaitia kapuni na kuifunika kwa mihogo.

"Mimi naipeleka," nilisema. "Wakinikamata njiani, shauri lako."

Alizima redio, akavaa koti lake la ibada, akaninyang'anya kapu, tukaenda pamoja hadi polisi.

Askari aliyetupokea alikuwa kijana, umri wa mtoto wetu wa kwanza. Aliitoa bastola chini ya mihogo kwa woga kidogo.

"Muzee, iko na risasi?"

"Hapana."

Kijana alijaribu kuzungusha silinda, haikusogea. Akajaribu kuinua nyundo, haikuinuka. Akaweka kidole kwenye kifyatulio, akavuta mpaka uso ukakunjamana. Akainusa.

"Muzee, uliweka mafuta gani humu?"

"Ya mawese," alisema mume wangu.

Askari wote pale kituoni walicheka mpaka wakashika meza. Mawese bwana! Mafuta ya kukaangia ndizi, yaliyoganda ndani ya vile vyuma miaka na miaka, yakashika kila kitu kama gundi.

"Hii kitu iko imekufa zamani sana," kijana alisema akijifuta machozi. "Haiwezi kuua hata panya. Haya, murakoze, asante sana, muzee."

Mimi sikucheka. Nilimwonea huruma mume wangu. Mtu mzima, kavaa koti, anachekwa na watoto kwa kitu alichokipenda namna ile. Tulipotoka nje nikatafuta neno la kumpoza.

"Usijali, baba watoto. Hukujua."

"Minajua," alisema. "Minajua tangu mutoto wetu wa pili alikuwa ananyonya. Ilishikana, nikajaribu kuifungua, ikakataa."

Nilisimama palepale barabarani.

"Ulijua? Ulijua haipigi, ukakubali kufungwa kwa ajili yake?"

Alihamisha kapu la mihogo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Ningewapa," alisema, "we ungepita Kigwena na nini?"

Jioni zile zote nilizomtukana, alikuwa amekaa kwenye hatari ya jela kwa sababu ya woga wangu mimi, wala hakujitetea hata kwa neno moja. Niliona aibu, na nikampenda kuliko siku ile alipokuja kunichumbia. Nikalia njia nzima mpaka nyumbani, watu wakidhani tumefiwa.

Siku ya kwenda Kigwena ilipofika nilifunga madumu yangu alfajiri, nikamwambia abaki na cherehani, wateja wamechoka kusubiri suruali zao. Alitaka kubisha, nikamkatalia. Nilipita msituni peke yangu. Nilisali kwa sauti kama kichaa, lakini nilipita, nikanunua mawese yangu, nikageuza.

Wakati wa kurudi nilimkuta amesimama pale msitu unapoishia, upande wa kuja Rumonge, suruali imejaa vumbi la mwendo wa miguu, mikono mitupu, akinisubiri.