Pointi Thalathini za Mtoto wa Dada

Nasema ukweli: nilikuwa namwonea kijicho mtoto wa kike wa dada yangu. Kwao ni mji wa Ibra, lakini kwa ajili ya masomo alikaa kwangu Nizwa, chumba kimoja na binti yangu. Kwa umri amempita binti yangu miezi minne tu. Kila akirudi chuoni alimwamkia mama yangu shikamoo kwa Kiswahili kilichonyooka, utadhani kazaliwa Vuga, mtaa wa wazee wetu kule ng'ambo, na mama anayeyuka. Binti yangu, Kiswahili chake cha kuokoteza, alisema "hai, bibi," akarudi kwenye simu yake. Halwa ikibaki kipande kimoja, nilijua kitakwenda kwa nani. Roho iliniuma. Dada akipiga simu kumsifia mwanawe, nilisingizia mtandao mbovu nikakata.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya ajira ya chuo hicho hicho wanachosoma wote wawili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa pointi mia, azigawe mwenyewe kwa kampuni anazotaka zimfanyie usaili. Waliotia nyingi ndio wanaoitwa. Msimu ule kampuni moja ya gesi ya Sur ilileta nafasi mbili za usaili, na nyumba nzima ilijua wasichana wetu wote wawili wanazitamani.

Jumatano, siku moja kabla ya mwisho wa kutia pointi, mtoto wa dada alinijia ofisini.

"Shikamoo, mama mdogo. Ile ya Sur nitie ngapi?"

Mwaka uliotangulia hakuna aliyeitwa Sur kwa chini ya sitini. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana.

"Marahaba. Thalathini zinatosha," nikamwambia. "Sur mbali, nani anataka kuhamia huko? Zilizobaki zitie kwengine."

Akanishukuru, akanibusu mkono. Jioni, jikoni, nikamwambia binti yangu atie sabini. Akajibu "inshallah" huku anaosha vikombe vya kahawa, hata hakunitazama.

Alkhamisi asubuhi pointi zikafungwa, adhuhuri orodha ya walioitwa ikatoka. Nikaipitia mara tatu kwa kidole. Nafasi zote mbili za Sur zimechukuliwa na vijana nisiowajua. Mtoto wa dada hayumo, na hilo nililitarajia. Lakini na binti yangu hayumo. Nikafungua ukurasa wake: Sur, sifuri.

Nikampigia simu hapo hapo.

"Sifuri? Una wazimu?"

"Mama, dada yangu anataka Sur. Yeye kubwa, mimi nampita vipi? Aib. Khalas, nilimwachia."

Nikaufunga ukurasa wake. Mkubwa atangulie mlangoni, atangulie sahanini, atangulie hata kuolewa: ni mimi niliyewafundisha hivyo tangu wadogo, na kila aliyesahau nilimfinya.

"Nilijua utanigombeza, ndiyo sikusema," akaendelea. "Yeye hajui kutia pointi, aliogopa. Nikamwambia, nenda kwa mama ofisini, mama anajua ngapi inatosha."

Kisha akauliza, kwa furaha kabisa: "Kaipata?"