Kinyonga Mezani

Leo nimefungua pakiti ya bandeji, na ile harufu kavu ya pamba ikanirudisha kwenye meza yetu ya kulia, kule Nyawera, mvua ikipiga mabati. Mezani palikuwa na kinyonga niliyemwokota chini ya mparachichi. Nilitaka kumchora. Nilikuwa nimeshachanganya kalamu tatu za rangi kutafuta kijani chake, ndipo nikaona mguu mmoja wa mbele unaning'inia. Nikaacha kuchora, nikaleta kijiti cha kiberiti na uzi wa kuufungia.

Maman akafika mlangoni, bado amevaa koti jeupe la hospitali. Alishinda akishona vidonda vya watu bila kupepesa jicho. Alipoona kilichokuwa mezani, akanyakua ufagio wa barazani na kuuinua.

“Toka pale. Iyo kinyonga inaleta mukosi.”

“Maman, mukono yake ilivunjika.”

Ufagio ukabaki juu. Kinyonga akanielekezea jicho moja, jingine akamwelekezea maman, na ngozi yake ikaanza kuwa nyeusi. Nikamfunika kwa kiganja. Hata kwenye kelele ya mvua nilisikia maman anavyohema.

“Usikaze uzi,” akasema hatimaye. “Damu inapashwa kupita.”

Akaushusha ufagio, akatia mkono mfukoni mwa koti. Kizingiti hakukivuka. Alitoa bandeji, akaiviringisha sakafuni. Ikakunjuka njia nzima hadi miguuni pangu, ncha ya pili ikiwa bado mkononi mwake.