Ndizi za Mama Damasi

Bernadina, ambaye kijiji kizima cha Bonga kinamwita Mama Damasi, hakupenda kuamia mahindi yasiliwe na kima kwa kupiga kelele kama sisi wengine. Alikuwa na njia yake. Mahindi yakianza kukomaa, kila asubuhi alibeba ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo hata mnadani hazina mnunuzi, akazipanga kwenye kisiki mwisho wa shamba, msitu unapoanzia. Kima walishuka, wakala, wakarudi juu. Mahindi yake yalibaki.

Kima hao walikuwa kumi na mmoja, ukiacha kitoto kimoja cha kunyonya. Zamani hakuna aliyewahesabu, maana walijaa. Kisha wachoma mkaa walikata miti kutoka juu, sisi wakulima tukafyeka kutoka chini, na waliojaribu kuhama waligongwa na malori kwenye barabara ya Dodoma. Katika vikao vyetu hawakutajwa ila kama waharibifu.

Msimu huu Sosthenes, shemeji yake anayepakana naye shamba, aliamka mapema kumzidi. Alitia sumu ya wadudu ndani ya ndizi, akazipanga palepale kisikini. Kima walikuja bila woga, kama walivyozoea kwa miaka minne.

Mama Damasi aliokota saba waliokufa. Mmoja alikuwa na mtoto hai kifuani, bado anahangaika kunyonya. Aliwatia wote kwenye tenga, akaenda nalo moja kwa moja kwa Sosthenes, ambako jumuiya yetu ilikuwa inasali Jumamosi hiyo.

"Shemeji, umetuletea nini tena?" Sosthenes aliuliza.

"Mboga. Umeua, sasa ule."

Alimwaga tenga katikati ya mkeka. Wanawake waliruka.

"Mama Damasi, jamani! Tuko kwenye sala!"

"Saleni basi. Waombeeni na hawa."

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu," Sosthenes alisema. "Nani aliwazoesha hawa kuwakaribia watu? Ungewatupia mawe kama wenzako, leo wangekuwa hai."

Mama Damasi aliinama, akamchukua yule mtoto, akatoka. Marietha, kiongozi wetu, alisema tuendelee na rozari. Miili ilisogezwa kwa fagio, tukaendelea. Na mimi niliitikia kila Salamu Maria. Nikikumbuka sauti yangu siku ile, natamani kuitapika.

Mtoto alikufa siku ya pili. Wanne waliobaki waliendelea kuja kisikini, wakakaa kusubiri. Sosthenes naye bado ana sumu stoo, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Ndipo Mama Damasi alipoanza kuokota mawe na kuwatupia kima. Siku ya kwanza alimpiga dume mkononi, akarudi nyumbani na kushinda bila kula. Hakuacha. Alipiga wiki tatu nzima, huku akiwatukana matusi ambayo sikujua anayajua.

Juzi alinisimamisha njiani. Asubuhi hiyo alikuwa ametokeza tu shambani, mikono mitupu, na wote wanne walikimbia hadi wakapotea msituni.

"Wananiogopa sasa," alisema, macho yamejaa machozi. "Wananiogopa kweli."