Nyanya Zilizooza Vitako

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa nane, nilipogeuza nyanya ya kwanza na kuona doa. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika palepale kwenye daftari la shamba. Kwa juu nyanya ilikuwa nzuri, ya kijani inayoanza kupauka. Kwa chini, pale ua linapodondokea, palikuwa na duara la kahawia lililobonyea, kavu kama soli ya kiatu cha zamani. Niligeuza ya pili. Katika mche ule mmoja nyanya zilikuwa saba, na tano zilikuwa na duara hilo.

Nilikaa chini kwenye udongo.

Shamba lenyewe ni nusu eka, kwenye bonde la Litapunga. Nyumbani kwangu ni Kawajense, na kila asubuhi huenda bondeni kwa pikipiki. Kabla ya nyanya nililima tumbaku upande wa Inyonga kwa miaka kumi na tisa. Nyanya hakuna aliyenifundisha. Nilichokijua nilikisoma kwenye vijitabu vya mnadani au nilikipima mwenyewe kwa kamba na ndoo.

Ili hofu yangu ieleweke, lazima nieleze sharti la bonde. Tuko wakulima kumi na wawili kwenye kijito kimoja, tukitumia mashine moja ya kuvuta maji kwa zamu. Kuna mwaka ugonjwa wa mnyauko ulianzia kwenye matuta mawili, mwenye shamba akaficha, na kabla ya mwezi kwisha bonde zima lilikuwa limekauka. Watu walikula mihogo mpaka mvua. Tangu hapo tuliwekeana sharti: shamba likipata ugonjwa, mwenyewe ang'oe na achome ndani ya siku tatu. Asipofanya, wenzake wataingia na majembe. Na katika kuliunga mkono sharti hilo, sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mwenyekiti wetu ni mama wa Kisukuma, na shamba lake linapakana na langu kwa chini. Alinikuta bado nimekaa.

"Mtu wa tumbaku," alisema, "leo unazisalimia moja moja?"

Nyanya ilikuwa kwenye kiganja. Nilifumba mkono. Nakumbuka vizuri kwamba niliufumba, na kwamba nilihesabu mpaka nne kabla ya kuufumbua.

Aliitazama bila kuigusa. Utani ukamwisha usoni.

"Ziko ngapi?"

"Sijahesabu."

"Wewe? Wewe unayehesabu mpaka kunguru?"

"Naogopa kuhesabu, mama."

Aliangalia shamba lake, kisha langu. "Leo Jumanne. Ijumaa jioni nitakuja na wenzangu. Usinifanye nikushikie jembe, baba. Nitalishika, lakini usinifanye."

Usiku ule mke wangu aliniuliza kwa nini siongei. Nilimwambia nitanunua dawa ya ukungu kesho, nipulizie shamba zima.

"Umeshajua ni ukungu?"

"Hapana."

"Basi unapulizia nini? Unapulizia woga wako." Akanisogezea ugali. "Kula, mzee. Halafu kesho ufanye unavyofanyaga. Pima."

Jumatano nilihesabu. Nina matuta ishirini na manne. Nilichukua miche kumi kila tuta, nikageuza kila tunda, nikaandika. Nilitegemea kuona kitu kinachosambaa: sehemu moja mbaya sana, majirani zake wabaya kiasi, kisha wazima. Mnyauko husambaa hivyo. Nilichokiona hakikuwa na sura hiyo. Madoa yalikuwa kila mahali kwa kiwango kilekile, isipokuwa matuta matatu ya mwanzo, ambayo yalikuwa karibu safi. Na majani yalikuwa mazima shamba zima, makubwa, ya kijani kizito. Hapakuwa na mche hata mmoja uliolegea.

Kwenye yale matuta matatu kuna kiungo cha bomba kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kinavuja kila maji yanapopita, hata zamu isiwe yangu. Nilikuwa nimekilalamikia toka mwezi wa sita.

Nilichomeka kidole kwenye udongo pale kwenye kiungo: unyevu, ubaridi. Nilichomeka kwenye tuta la kumi na tano: vumbi mpaka kifundo cha pili cha kidole. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu, na lilikuwa kosa la mtu wa tumbaku. Sisi kule tulizoea kuuacha mche uone kiu baada ya kushika, ili mizizi ishuke na jani liwe zito. Nilipohamia kwenye nyanya nilisoma katika kijitabu kwamba nyanya ikipunguziwa maji inakuwa tamu na ngozi yake inakuwa ngumu. Ni kweli. Lakini nililichukua neno hilo kama nilivyolichukua la tumbaku. Maji ya zamu yangu yalikuwa kila baada ya siku mbili, nami nikawa namwachia mama mwenyekiti zamu moja kati ya mbili, wakati mwingine mbili kwa mfululizo, bure. Siku niliyomwagilia, nilimwagilia kwa wingi ili kufidia. Juu ya hayo nilikuwa nimemalizia shambani mifuko ya mbolea iliyobaki ya tumbaku.

Nilirudi kwenye vijitabu vyangu vyote na kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka nikaelewa. Ngozi ya tunda hujengwa kwa kalsiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa. Madini hayo hayatembei yenyewe. Yanabebwa na maji kutoka kwenye mizizi. Maji yakiwa machache, majani ndiyo hunywa kwanza, kwa sababu jua linayavuta, na majani yangu yaliyonona kwa mbolea yalikuwa wanywaji wakubwa. Tunda hupata mabaki. Na ndani ya tunda, kitako ndicho cha mwisho kufikiwa. Nyanya hujenga kitako chake ikiwa bado ndogo, ukubwa wa kati ya gololi na kidole gumba. Ikikosa siku hizo, hata ukiimwagia mto mzima baadaye haiponi.

Nilipaswa kufurahi. Nilichokumbuka badala yake ni mwaka jana. Mwaka jana palikuwa na mzee mmoja mwenye shamba la mwisho kabisa upande wa juu, mahali bomba lilipofika likiwa halina nguvu. Nyanya zake zilipata doa chini. Doa kama hili. Tulimpa siku tatu, akasita, tukaingia. Mimi nilianza na tuta la kwanza. Alisimama pembeni akiwa ameshika kofia, na wiki iliyofuata alihamia ziwani, kwa mwanawe anayevua dagaa.

Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili. Nikiwa nimekosea, naua mashamba kumi na moja kwa ubishi wangu. Nikiwa sahihi, tulimng'olea mtu mzima shamba lisilo na ugonjwa, na jembe la kwanza lilikuwa langu. Sikujua ni ipi niiombee.

Alhamisi nilimfuata mama mwenyekiti. Alikuwa anachambua nyanya zake, na nusu zilikuwa zimepasuka kuanzia kwenye kikonyo.

"Naomba zamu zangu unirudishie," nilisema.

"Zamu ya kumwagilia maiti?"

"Naomba siku kumi na mbili. Nitafunga uzi mwekundu kwenye nyanya kumi ambazo sasa zina ukubwa wa gololi, uzione mwenyewe. Nitamwagilia kila zamu, kiasi kilekile. Zikioza zaidi ya tatu, nang'oa mwenyewe, hata sisubiri mtu."

"Na ugonjwa ukivuka ndani ya hizo siku?"

Niliokota nyanya yake moja iliyopasuka. "Hizi zako zimeanza lini kupasuka?"

"Toka unipe maji ya bure. Zinavimba zinapasuka kama zimeshindiliwa. Na hazina ladha, mteja wa juzi kanirudishia tenga zima." Akaniangalia, akaliangalia bomba. "Unataka kuniambia maji yaleyale yamekutesa wewe kwa kukosa, na mimi kwa kuzidi?"

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Unafikiri." Alininyang'anya nyanya, akaitupa kwenye kapu la mbuzi. "Kumi na mbili. Siyo kumi na tatu. Na ukivusha ugonjwa kwangu, utaoa shamba langu ulilishe, wewe na mkeo."

Siku hizo kumi na mbili nilipungua mpaka nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Nilimwagilia kila zamu, ndoo kwa ndoo, nikitandaza nyasi kavu juu ya matuta ili unyevu usikimbie. Nilitoa matunda yote yaliyooza nikayafukia mbali. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya nyuzi nyekundu kama mtu aliyekwenda kutubu, nikageuza nyanya moja moja. Siku ya sita moja ilikuwa na doa. Nilimwita mama mwenyekiti nikamwonyesha mwenyewe, maana nilikumbuka mkono wangu ulivyojifumba siku ya kwanza.

"Moja," alisema, na akaondoka.

Siku ya kumi na mbili zilikuwa tisa safi na moja mbovu. Wote kumi na wawili tulikuwepo. Mama mwenyekiti aligeuza nyanya zote mwenyewe, akasimama, akajifuta magoti.

"Haya, mtu wa tumbaku ameshinda. Nendeni mkamwagilie."

Nilisema sijamaliza. Niliwaeleza kuhusu kitako, maji, na bomba linavyokosa nguvu upande wa juu. Kisha nikawaambia kuhusu mzee wa mwaka jana. Mmoja alisema, taratibu, kwamba ugonjwa ule ulikuwa mwingine. Nilimuuliza kama aliona jani lolote limenyauka. Alitazama chini.

"Kwa hiyo unataka tufanye nini?" mama mwenyekiti aliuliza.

"Sharti libaki. Lakini kabla ya jembe, watu watatu wahesabu kwanza, na wachomeke kidole kwenye udongo. Na yule mzee aambiwe."

"Nani atamwambia?"

Wote walinitazama mimi, hawakumtazama mwingine.

Nilimpigia simu Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nusu eka kama ile yake, ikimwagiliwa vizuri, ingetoa kiasi gani. Nilimjibu kwamba sijui bado, nitamwambia nikimaliza kuvuna. Akasema atasubiri.

Mwezi wa kumi nilivuna tenga la mwisho. Nilimtumia mzee hesabu kwa ujumbe, kama nilivyoahidi, bila kuongeza neno: matenga arobaini na moja, kila tenga shilingi elfu ishirini na nane, jumla shilingi milioni moja, laki moja na elfu arobaini na nane.