Uchungu wa Mama Mkwe

Walimwita Rudi Tena, na alistahili. Miaka yote aliyokuwa mtahini wa madereva, alimfelisha mtu kwa kugusa tu ukingo wa barabara, kisha akamwambia kwa upole, "Rudi tena mwezi ujao." Hata shemeji yake kinyozi, kaka wa mkewe, alirudi mpaka akachoka.

Alipostaafu, binti yake alimzawadia vifaa vya kutengenezea bia nyumbani: ndoo yenye mfuniko na bomba, kopo la shira nzito ya shayiri na pakiti ya hamira. Maelekezo yalikuwa mepesi: changanya na maji, funika, subiri. Rudi Tena akayafuata neno kwa neno, amevaa shati lake la kazini.

Shemeji akaja kuonja. Akanywa, akatazama dari, akanywa tena.

"Shemeji, haina ubaya," alisema. "Tatizo ni kwamba haina uzuri pia."

"Inakosa nini?"

"Hopsi. Yale maua makavu yanayoipa bia harufu na uchungu. Wateja wangu wanaotengeneza hutia kidogo tu, tena mwishoni."

Mtu ambaye hakuwahi kumsamehe dereva hata shubiri moja alisikia "hopsi". "Kidogo tu" ilimpita. Akanunua kopo jingine la shira na pakiti mbili za hopsi. Ya kwanza aliichemsha na shira kutwa nzima, mpaka nyumba ikanuka nyasi mbichi. Ya pili akaimwaga yote ndani ya ndoo, bila kitambaa wala kichujio, akaupiga mfuniko kofi la kuridhika.

Siku ya kujaza chupa, bomba lilikataa kutoa hata tone. Maua yalikuwa yameliziba. Akachokoa kwa sindano ya kufumia ya mkewe. Akachokoa kwa nguvu zaidi. Bomba likang'oka, bia ikamrukia kifuani, ikatambaa mpaka chini ya friji.

"Baba nanii, unaua nini huko?" mkewe aliuliza kutoka sebuleni.

"Hakuna kitu. Kaa tu."

Iliyookolewa ilijaza chupa chache. Ilipokuwa tayari, shemeji aliionja akakunja uso kama aliyetafuna kidonge. Mke alinusa tu, akasema itafaa kutolea kutu.

Mama mkwe akaja kumtembelea bintiye. Bibi huyu hakuwahi kumkubali mkwewe tangu siku ya posa; alimwona mtu mkavu, asiye na utani. Alipoomba kinywaji, Rudi Tena, labda kwa kukosa kingine, labda kwa kisasi kidogo, alimmiminia ile ile.

Bibi akanywa. Akaweka glasi mezani.

"Mkwe wangu," alisema, na hilo "wangu" halikuwahi kutoka kinywani mwake, "hiki sasa ndicho kinywaji. Ongeza."

Wiki iliyofuata alirudi na begi la nguo.

Rudi Tena naye hakukata tamaa. Awamu nyingine alifunga hopsi kidogo katika kitambaa safi, akakitumbukiza povu lilipotulia, akakitoa baada ya siku chache. Bia ikanukia kama maganda ya machungwa. Shemeji alimkumbatia. Mkewe, ambaye huwa hanywi, aliomba nusu glasi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeisukuma pembeni.

"Umeiharibu," alisema. "Hii wape watoto."

Ikabidi kuwe na ndoo mbili jikoni: moja ya wageni, nyingine ya mama. Kila jioni Rudi Tena hukaa naye barazani akinywa ile chungu kwa adabu, huku bibi akimsimulia mambo ambayo hajawahi kumsimulia hata bintiye.

Juzi mama mkwe alikwenda kusukwa. Mkewe akamkuta Rudi Tena barazani peke yake, glasi mkononi, ndani yake ile chungu.

"Si ulisema unainywa kwa heshima ya mama tu?"

"Namwonjea," alijibu, akajimiminia nyingine.