Mawe ya Shimo la Makumbi

Nilikwenda Makunduchi kupumzika, na nilikwenda na ratiba. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa skuli, na katika wiki za majaribio sauti ilikuwa imenikatika mara mbili mbele ya darasa. Mama aliona nimekonda. Akanifungia kikapu, akanipandisha gari la shamba, akaniambia nikakae kwa shangazi mpaka nirudi na uso wa mtu.

Shangazi alikuwa na shamba la muhogo na minazi karibu kabisa na pwani. Pembeni mwa shamba kulikuwa na kibanda cha chumba kimoja alichokijenga mwanawe kabla hajahamia Dar es Salaam, na hicho ndicho alichonipa. Kuta za mawe zilipakwa chokaa, paa lilikuwa la makuti, na kitanda cha kamba kilikuwa kimelegea katikati hata ukilala unakunjika kama mtoto kwenye mbeleko. Asubuhi niliamshwa na ng'ombe akijikuna ukutani. Mchana nilikula muhogo wa nazi na samaki mkavu, upepo wa bahari ukipita mlango hadi dirisha. Raha ilikuwapo tele, ila mimi sikujua niishike wapi. Ratiba yangu ilisema nilale mchana saa nzima. Siku ya kwanza nililala dakika arobaini, nikajiona nimeshindwa hata kupumzika.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa njia ya chooni. Choo kilikuwa uani, na mvua moja ya ghafla ilikuwa imeacha tope jekundu toka mlangoni mpaka huko. Nilifikiria tope, nikafikiria kuteleza, nikafikiria tandu waliojificha ndani ya tope. Siku ya tatu niliamua kuitandika njia mawe.

Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kuliko siku nyingine. Nilitembea juu ya mchanga mtupu mpaka karibu na pale maji yaliposimama, na huko nikakuta lundo la mawe bapa, mazuri kama sahani. Sikuona mtu. Nilijiambia mawe ya bahari hayana mwenyewe. Nikafanya safari nne na kikapu. Kufika jioni njia ilikuwa tayari, na shangazi alipotoka shambani alisimama akaitazama.

"Haya," akasema. "Mjini kumehamia kwetu."

Alidhani nimeyaokota mawe kwenye miamba ya ufukweni, na mimi sikuona sababu ya kueleza zaidi.

Kesho yake nilikuwa barazani kwa shangazi nachambua mchele alipokuja jirani yake, mwanamke wa makamo aliyezoea kuanza utani hata kabla ya salamu. Siku hiyo hakutania. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku akimtazama shangazi.

"Nshazunguka mpaka kichwa kinanizunguka," akasema. "Shimo langu silioni."

"Umelisahau."

"Nisahau shimo nililolichimba kwa mikono yangu? Mawe yangu hayapo."

"Labda maji yameyachukua."

"Maji gani hayo, yachukue mawe yangu yawaachie wenzangu?"

Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo. Nilisikiliza, na kadiri walivyozungumza ndivyo nilivyoelewa nilichokifanya. Wanawake wa pale huzika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, yakaoza kwa miezi mingi, kisha huyafukua, wakayapiga wakapata usumba wa kusokotea kamba. Mawe huwekwa juu ili maji yasiyafukue makumbi, na ili kila mtu alijue shimo lake. Jirani alichagua mawe bapa kwa sababu yale ya mviringo hubingirika. Makumbi yake yalikuwa chini tangu mwaka uliopita. Paa la nyumba yake lilikuwa limeshavuliwa makuti ya zamani, mapya yameshasukwa, kamba tu ndiyo haikuwapo, na masika yalikuwa yanakaribia. Bamvua ilikuwa imebakisha siku moja ya maana. Na kubahatisha hakuwezekani, kwa sababu kufukua shimo la mwenzio, hata kwa kukosea, ni jambo la watu kutosemezana miaka.

Nilipitia njia zote za kunyamaza. Ningeweza kuyarudisha mawe kimyakimya, karibu na pale nilipoyatoa, maana pale hasa sikupakumbuka. Lakini karibu kulikuwa kubaya kuliko kutoyarudisha. Angechimba chini yake, akakuta makumbi ya mtu mwingine. Hapo mawazo yangu yaligonga ukuta, nikaweka ungo chini.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeyatandika njia ya chooni."

Jirani aliinuka akaenda mpaka kibandani, sisi nyuma yake. Akatembea juu ya ile njia polepole, akageuza jiwe moja kwa kidole cha mguu.

"Hili lenye pembe iliyovunjika nalijua kama jino langu," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, huko chuoni mnasomeshwa nini?"

"Kesho ntakuja pwani," nikasema. "Ntawaambia wote. Tutalipata."

"Utawaambia wewe?" shangazi akauliza. Alijua habari za sauti yangu.

"Mimi."

Siku ya pili maji yalipotoka nilikwenda. Walikuwapo kiasi cha wanawake thelathini, kanga zimefungwa viunoni, majembe mkononi. Nilianza kusema, na katikati ya neno la tatu sauti ikakatika.

"Imekwama hiyo, isukumeni," mmoja akasema, wakacheka.

Miguu yangu ilitaka kurudi shamba. Niliikaza kwenye mchanga, nikaanza tena kutoka mwanzo. Nikasema mawe nimeyatoa mimi kwa ujinga wangu, na kuna mtu atanyeshewa kwa ajili yangu. Nikawaomba kitu kimoja, nilichokipata baada ya kufikiri njia nzima: kila mmoja aende akasimame juu ya shimo lake. Pale patakapobaki bila mtu ndipo tuchimbe, na hapatakuwa na wa kulalamika.

Wakatazamana.

"Na mimi mwenye mashimo mawili nijikate?" akauliza mmoja.

"Msimamishe mwanao."

"Mwanangu hata kusimama nyumbani hasimami."

Lakini walikwenda. Ilichukua muda. Dada wawili walibishana nani yuko juu ya la nani, na bibi mmoja alisimama mahali, akahama, akahama tena, mpaka bintiye akamshika mabega na kumpanga. Mwishowe pwani nzima ilikuwa na wanawake waliosimama wima kama miche iliyopandwa, wakipigiana kelele, na baina yao sehemu mbili tupu.

Nilichukua jembe kwa jirani. Sehemu ya kwanza niligonga mwamba. Ya pili niliichimba mpaka viganja vikachubuka, na maji yalikuwa yameanza kurudi, yananilamba vifundoni, lakini sikumpa mtu jembe. Halafu mchanga ukageuka mweusi na harufu ikapanda, harufu ya kitu kilichooza vizuri, nikarudi nyuma nimeziba pua.

"Ndiyo hayo," jirani akasema, akapiga magoti. "Hayo hayo, yananuka nyumbani kwangu."

Wote wakaacha mashimo yao wakaja. Tuliyatoa makumbi kwa mikono, tukayajaza mapakachani, na la mwisho tulilibeba maji yakiwa magotini.

"Na kuyapiga?" jirani akaniuliza tulipofika pakavu.

"Ntapiga."

"Kwa mikono hiyo?"

"Hii hii."

Nilipiga siku tatu, nimekaa naye kivulini kwa kigongo cha mti. Kisha usumba ulipokauka akanionyesha kusokota, nyuzi zikipita baina ya viganja vyenye malengelenge. Barua ya skuli ilikuwa haijaja, na sikuiulizia. Kamba yangu ya kwanza aliivuta ikakatika, akanirudishia. Ya pili ikakatika. Ya tatu aliifunga kwenye kidole gumba cha mguu, akaivuta kwa nguvu zote huku akinitazama, halafu akaitupa kwenye lundo lake akaendelea na yake.