Chambo cha Mwoka Mikate

Mume wangu hapendi samaki. Naanza na hilo ili tuelewane. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, nikipika samaki yeye anakula mboga za pembeni na kipande cha mkate, samaki anabaki mzima kwenye sahani anamkodolea macho. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka sokoni na fimbo ya kuvulia imefungwa kwenye baiskeli, nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamuuliza ameiokota wapi.

"Nimenunua," akasema. "Nitavua."

"Utavua nini?"

"Sasa mke wangu, fimbo kama hii inavua nini, viatu?"

Haya. Watu wa mtaani wanamwita Hamira. Wao wanamwita hivyo kwa sababu ya kazi, mimi namwita hivyo kwa sababu ya hasira, maana ukimgusa pabaya anaumuka papo hapo. Ni mwoka mikate. Duka lake liko mbele ya nyumba, tanuri katikati, sisi tunalala nyuma, na hata shuka zetu zinanukia mkate. Mtu huyu hajawahi kuwa na burudani yoyote zaidi ya kulala mchana na kusikiliza mpira redioni. Uvuvi ulitoka wapi? Ulitoka kwa mdogo wake.

Mdogo wake, shemeji yangu, anaishi ng'ambo, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Miaka kumi na moja iliyopita mama yao alifariki. Shemeji akapiga simu analia, akasema anakuja. Mume wangu akachelewesha mazishi siku mbili kumngoja. Watu walinung'unika, wazee wakamwita pembeni, yeye akabaki amesimama getini, kila gari likipunguza mwendo ananyoosha shingo. Shemeji hakuja. Hakusema kwa nini, alisema tu, "Kaka, nisamehe, nimeshindwa." Mume wangu akamjibu, "Basi mimi sina ndugu," akakata simu. Tangu hapo kimya. Hata jina lake halikutajwa tena mezani kwetu. Mimi nilimpenda yule kijana. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza ndiye aliyekuwa akinibebea maji. Ule ugomvi uliniuma miaka yote hiyo, na niliumia kimyakimya kwa sababu nikifungua mdomo tu, mtu anaumuka.

Halafu Jumamosi moja simu ikalia. "Kaka, njoo na shemeji. Nimekodi nyumba ndogo kando ya mto, siku sita. Tiketi natuma mimi. Likizo zangu zote huku navua samaki, safari hii tuvue wote." Sauti ilikuwa kwenye spika, nikaisikia yote kutoka mlangoni. Mume wangu akasema, "Nitakuja kuvua." Akakata.

"Kwa hiyo mtazungumza," nikamwambia kwa furaha.

"Nimesema nakwenda kuvua."

"Lakini mtazungumza."

"Samaki wakila vizuri, siku sita zitaisha hata hatujafika huko. Wasipokula ndiyo tutakaa tunaangaliana." Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. "Kwa hiyo lazima wale."

Nikaelewa. Mwanaume mzima, anayeingiza mkono kwenye tanuri la moto bila kukunja uso, anaogopa mazungumzo.

Shemeji alituma picha za samaki wenyewe. Wanene, magamba makubwa, ndevu mbilimbili pembeni mwa mdomo. Jina lao la huko ulimi wangu ulikataa. Alisema wanapenda donge la unga, mahindi yaliyochemshwa na minyoo ya ardhini, ila tusipande ndege na chakula wala minyoo, tutanyang'anywa mpakani. Chambo kitatengenezwa hukohuko. Yaani alichotakiwa kubeba mume wangu ni ujuzi peke yake, na ujuzi hakuwa nao.

Akaenda kuutafuta kwa Mama Ndoana, mwanamke anayeuza ndoana na nyuzi kwenye kona ya soko, ana sauti inayosikika mpaka kwa wauza vitunguu. Mama Ndoana aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu jina simjui, ila mdomo namjua," akasema. "Unaona ulivyoelekea chini? Anakula topeni. Chambo chako kikielea, umekwenda kumpungia mkono tu."

Akamwelekeza. Unga wa ngano vikombe vitatu, wa mahindi kimoja, sukari kidogo, matone ya mafuta, maji ya moto polepole. Ukande mpaka ushikamane. Unachukua donge la ukubwa wa ncha ya kidole, unaivika ndoana, unaacha ncha ichungulie kidogo tu. Halafu unaitumbukiza kwenye glasi ya maji na kuangalia saa. Donge likikaa chini kwa nusu saa, umefaulu.

Hamira akacheka. "Mama, unanifundisha mimi unga?"

"Nakufundisha samaki. Kucheka utacheka baadaye."

Akakanda siku hiyohiyo, kwa maringo, mikono ya shati imekunjwa. Akatumbukiza. Dakika kumi donge likavimba. Dakika kumi na tano likaivua ndoana likapanda juu, linaogelea kwa raha zake. Nilimwita Mama Ndoana aje aone. Akainama, akanusa.

"Umetia hamira."

"Sijatia!" Kisha akautazama mkono wake wa kulia. Kopo la hamira lilikuwa wazi pembeni, na kijiko ndani. Mkono ulikuwa umejitilia wenyewe, kama unavyofanya kila alfajiri kwa miaka yote hiyo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mara ya pili alikuwa anakanda huku anajikumbusha kwa sauti, "Hakuna hamira, hakuna hamira." Akaja mteja, akauza mikate miwili, akarudi, kidole kikachota. Mara ya tatu nililificha kopo juu ya kabati. Donge likapanda vilevile. Hapo akaapa kwa Mungu, na Mama Ndoana akamtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekutwa na kuku wako.

Ukweli niliugundua mimi siku ya Jumanne, nikisugua beseni lake la mbao. Mle kwenye nyufa kuna unga wa jana, na wa juzi, na nadhani kuna hata wa mwaka tuliofunga ndoa. Kila unga ukipita mle lazima uumuke. Nilisimama na brashi mkononi, nikawaza. Nikinyamaza, donge litaendelea kupanda. Donge likipanda, samaki hawali. Samaki wasipokula, ndugu wawili watakaa wanaangaliana mpaka mmoja afungue mdomo. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, wala sijutii sana.

Niliweza siku mbili tu. Alhamisi mchana nilimkuta ameketi mbele ya glasi, aproni bado imemkaa shingoni, miwani kwenye ncha ya pua, analibembeleza donge: "Kaa chini basi. Kaa. Nakuomba." Huruma ikanishika.

"Tumia sufuria yangu," nikamwambia. "Beseni lako ndilo lina hamira."

Akageuka taratibu. "Umejua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Mimi nimekesha na glasi tangu Jumanne!" Akaumuka, akasema maneno yote aliyonayo, akaishiwa. Kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika. Sufuria yangu ikafanya kazi. Donge lilikaa chini dakika arobaini, na akaita majirani waje waone kitu ambacho hakifanyi chochote ndani ya maji.

Baada ya hapo ikawa ni kutupa uzi. Aliweka karai hatua ishirini upande wa pili wa ua, akafunga chubwi, kile kipande cha risasi kinachouzamisha uzi, akaanza kurusha. Akavua gauni langu la kitenge kwenye kamba. Akavua kofia ya fundi viatu aliyekuwa anapita njia zake. Mama Ndoana alikuja Jumapili mchana kumsimamia, akamfundisha pia kutupa vidonge vidogo vya unga mahali pamoja kabla ya ndoana, ili samaki wazoee kuja. "Kidogo kidogo," akamwonya. "Unawaonjesha, huwalishi harusi." Kufikia mwezi wa nne wa mazoezi chubwi ilikuwa inaingia karaini mara saba katika kumi, na mume wangu alikuwa anatembea mtaani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Tukasafiri. Uwanja wa ndege shemeji alikuwa anatungoja, nywele zote mvi. Mimi nilimrukia nikalia hadharani bila aibu. Wale wawili walikumbatiana kama watu waliobeba trei za moto, kila mmoja akiogopa kumuunguza mwenzake.

"Kaka, safari njema?"

"Njema. Unga mnanunua wapi?"

Dukani alifungua mfuko palepale kwenye malipo, akasugua unga kati ya vidole, akatangaza kwamba ni laini mno na maji yapunguzwe. Shemeji akasema sawa kaka. Njia nzima walizungumza unga na maji. Mimi nimekaa nyuma, nimeuma midomo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, jiko dogo, na mto uko hatua thelathini kutoka mlangoni, mpana na mtulivu. Siku ya kwanza hawakupata kitu. Ya pili, hakuna. Ndipo shemeji alipotueleza kwamba huku ukimpata samaki unampima, unampiga picha, unamrudisha majini.

"Unamrudisha?" nikauliza. "Mzima?"

"Mzima, shemeji. Ndiyo sheria ya huu mto."

Nilimtazama mume wangu, nikawaza miezi minne ya glasi na sufuria yangu. Yeye akasema, "Afadhali. Sitalazimika kumla."

Siku ya tatu mvua. Siku ya nne wakabadilisha donge wakaweka mahindi, wakarudi kwenye donge, wakasogeza viti, wakajadili boya, kile kinachoelea kwenye uzi, linakaa juu sana au chini sana. Watu hawa waliweza kuongea saa nzima juu ya boya! Kila nilipomkanyaga mume wangu mguu chini ya meza aliomba chumvi. Usoni alikuwa amechoka kuliko ninavyomjua hata msimu wa sikukuu, wakati wa mikate mia nne. Nikaanza kuogopa. Siku zingekwisha, tungepanda ndege, na hawa walikuwa hawana umri wa kungoja miaka kumi na moja mingine.

Siku ya tano asubuhi walikuwa kwenye viti vyao kando ya maji. Mimi nilikuwa nyuma yao, namenya viazi. Fimbo ya mume wangu imelala kwenye kishikio, boya limetulia. Shemeji alikuwa anaviringisha donge kwenye kiganja, analiviringisha tu, limeshakuwa duara zamani. Bila kuinua kichwa akasema:

"Kaka, mwaka ule sikuwa na karatasi."

Mume wangu aliendelea kulitazama boya.

"Za kuishi huku. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Na nyumbani nilishawaambia nina kazi ofisini." Akalibana donge likawa bapa. "Kazi ilikuwa kuzifagia hizo ofisi. Niliona aibu kukwambia. Nikasema nakuja kwa sababu nilitaka kuja. Nilifunga begi, kaka. Nilifika nalo mpaka uwanja wa ndege."

Kisu kikasimama mkononi mwangu. Na ndipo boya likacheza. Likacheza mara mbili, likalala ubavu, likazama lote, na uzi ukaanza kukimbia kwa kelele. Sikuweza kujizuia.

"Samaki! Baba watoto, samaki!"

Fimbo ikainama mpaka ncha ikagusa maji. Kishikio kikaanza kung'oka kwenye udongo. Mkono wa mume wangu ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye fimbo, angeweza kuikamata ameketi. Hakuikamata. Alikishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akaupa mto mgongo, akakaa ana kwa ana na mdogo wake, magoti yanagusana.

"Kaka," shemeji akasema, machozi yanamtoka, "fimbo yako inakwenda."

"Iache iende," akasema mume wangu. "Umefika uwanja wa ndege, una begi. Halafu?"